Alama ya Chaki Niliyoiweka Mimi

Sogeeni wanangu, sogeeni wote watatu, na aliyesimama mlangoni aingie aufunge, kwa sababu sauti yangu haifiki mbali tena na haya sitaki kuyasema mara mbili. Wewe mkubwa, zima hiyo simu, lori lako haliwezi kuondoka bila dereva. Wewe mwalimu, kitinda mimba wangu, weka kalamu chini, hili si somo la kunakili. Na wewe mama, binti yangu wa pekee, kaa hapa karibu na kichwa changu, maana mengi nitakayoyasema yanakuhusu wewe, na ukishindwa kuvumilia katikati ukatoka nje sitakulaumu, ila nakuomba ukae.

Najua mnangoja niseme nyumba ni ya nani, basi nianze na hilo tulimalize. Nyumba ni yenu watatu na asiwepo wa kumwambia mwenzake hama. Bustani ya nyuma achukue mwalimu, kwa kuwa kati yenu ndiye peke yake anayejua jembe hushikwa upande gani. Sanduku la vifaa ni la mkubwa. Zile mbao nane za mti mgumu zilizoko darini, nilizopewa siku ya kustaafu zikiwa na kibati kinachosema nimetumika kwa uaminifu, msinichongee jeneza kwa hizo, hata watu wakisema vipi. Nizikeni kwa mbao za kawaida zenye vifundo, na kibati kile king'oeni mkitupe. Sababu yake ndiyo niliyowaitia.

Nimewatembeza wageni kwenye kiwanda kile cha mbao kwa miaka ishirini na sita, na leo nataka kuwatembeza ninyi, kwa maneno tu, maana miguu imeniaga. Vaeni kofia ngumu, zibeni masikio, msishike kitu. Binti yangu anatabasamu, hayo ni maneno yangu na sasa ni yake, maana kazi nilimwachia yeye. Tunaanzia uwanja wa magogo, pale maji yanaporushwa mchana kutwa juu ya marundo ili miti isipasuke kwa jua, na matope yake yanakuvua kiatu usipoangalia. Tunakwenda kwenye mashine ya kubandua magome, inayoligeuzageuza gogo kama mtoto anavyogeuza muhindi mdomoni, na magome yanaruka huku na huku. Kisha tunasimama kwenye kibanda kidogo cha bati. Hapo wageni huwa hawataki kusimama, wanauona msumeno mkubwa kule mbele na roho zao zimeshafika. Lakini ninyi simameni.

Kibanda kile kilikuwa cha baba yenu mdogo. Kazi yake ilikuwa kukagua chuma. Mti hukua miaka mingi, na katika miaka hiyo watu hupigilia misumari, hufunga waya, huning'iniza vitu, halafu mti unavimeza vyote na gome linafunga juu yake usione kitu. Yeye alipitisha chombo chake kuzunguka gogo zima, polepole, kisha akaligonga kwa nyundo na kutega sikio, na akiridhika ndipo anaweka alama ya chaki nyeupe kwenye uso wa gogo. Gogo lisilo na alama halipandi kwenye msumeno. Na chaki ile ilikuwa na mkono mmoja tu, wanangu. Hata meneja hakuigusa. Ndiyo iliyokuwa sheria ya pale, haikuandikwa popote lakini kila mtu aliishi kwayo, kwa sababu mpasuaji aliyeko kwenye msumeno hana muda wa kuuliza. Anaona alama, anasukuma.

Mpasuaji wetu tulimwita Bwana Inchi. Alikuwa anaangalia gogo kwa jicho tu akakwambia litatoa mbao ngapi na za unene gani, na ukibisha anacheka mpaka unajuta.

Siku ile tulikuwa na wageni watatu, wanunuzi wakubwa, na meneja alinipa mimi, msimamizi wa uwanja, niwatembeze kwa mara ya kwanza. Kichwa kikavimba. Nilipiga pasi ovaroli. Wageni walikuwa wanawahi safari, wanaangalia saa kila hatua, na magogo yaliyokuwa yakipasuliwa yalikuwa membamba, ya hovyo, wakaanza kupiga miayo. Nikaona aibu. Pembeni kulikuwa na gogo moja, kubwa, jekundu, halijapata kuletwa zuri kama lile. Asubuhi hiyo ndugu yangu alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, "Kaka, lile liache. Limetoka karibu na nyumba za watu, nitalipitia mara mbili mchana." Nilisikia. Msije mkasema baba hakusikia.

Yeye alikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya marundo. Nikaingia kibandani kwake, nikachukua kipande cha chaki kwenye kopo, nikaenda nikaweka alama kwenye lile gogo kubwa, nikampigia mluzi mtu wa winchi alipandishe. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikarudi kwa wageni nikiwa nafuta vidole kwenye suruali, nikawaambia, "Sasa mtaona kazi."

Wakaiona. Msumeno wa utepe ule unazunguka kwa kasi hivi kwamba unauona kama umesimama. Bwana Inchi akanipungia mkono, akasukuma. Banzi la kwanza likaanguka zuri, wageni wakapiga makofi, na mimi nikacheka kama aliyepasua mwenyewe. La pili, ikasikika sauti ambayo sijaweza kuisahau, chuma na chuma, na utepe ukakatika ukaruka nje. Bwana Inchi alipoteza jicho la kulia na vidole vitatu. Ndani ya gogo mlikuwa na msumari mnene wa lango la mtu, mti ulikuwa umeumeza zamani.

Nipeni maji kidogo. Basi, inatosha.

Kwenye uchunguzi baba yenu mdogo alisema hakuweka alama ile. Wakamwonyesha gogo, alama hii hapa, nyeupe pee. Akasema tena hakuiweka. Wakaniita mimi. Wakauliza, "Ulimwona akiweka alama?" Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia magotini, ananitazama kama mtu anayejua sasa mambo yatanyooka kwa kuwa kaka yake amefika. Nikasema, "Nilimwona."

Ni hilo tu. Akamwaga unga siku hiyohiyo. Na wewe mama, ulikuwa na miaka mitano, ulizoea kupanda mabegani mwake kila akitoka kazini, ukalia wiki nzima ukimtaka, na mimi nikakwambia amesafiri. Mama yenu alikuwa akimtetea shemeji yake kila siku, akisema yule hawezi kuzembea, ni mtu anayefunga kamba za viatu mara mbili. Nilimfokea mpaka akanyamaza, na amekufa akidhani alikosea kumtetea. Bwana Inchi naye alilala hospitalini miezi minne, ndugu yangu akienda na matunda na kurudishwa mlangoni. Mtu yule aliingia kaburini akimchukia asiyemkosea, huku mimi akiniita rafiki na kunikaribisha chai. Nilikunywa chai yake, wanangu.

Mngedhani mwizi ataficha alichoiba. Mimi niliweka changu hadharani. Nilipofanywa mtembeza wageni, kila nikifika kwenye msumeno niliwasimulia ajali ile, iwe fundisho. Mwanzoni nilisema kwa kifupi. Wageni wakapenda. Nikaanza kuongeza chumvi, nikampachika jina la Bwana Usingizi, nikaiga anavyosinzia na chaki mkononi, watu wakacheka. Miaka ishirini na sita, mara mbili kwa wiki. Mwishowe nilikuwa naisimulia bila hata kukumbuka kwamba ni uongo, na hicho ndicho ninachokionea haya kuliko yote.

Mwezi uliopita, mama, ulinialika kwenye ziara yako. Ulinipa kofia ya mgeni, ukawaambia watu huyu ndiye aliyeniachia kazi, wakanipigia makofi. Nilikufuata na fimbo yangu. Unafanya kazi vizuri, nilijivuna mpaka kwenye kibanda. Halafu ulipofika kwenye msumeno ukasimulia. Maneno yangu yaleyale, kuiga kulekule, kichwa unakiangusha begani kama nilivyokuwa nakiangusha mimi. Wakacheka. Mwanamke mmoja mwenye miwani akakuuliza, "Na huyo mzembe yuko wapi siku hizi?" Nikakuona ukinitazama, ukatazama chini, ukasema, "Hatujui." Unajua. Anakaa nyuma ya soko, dakika kumi na tano kwa miguu. Ulidanganya kwa sababu unaona haya kuwa ni baba yako mdogo. Aibu yangu mimi, umeibeba wewe, na umeibeba kwa mtu siye. Nilikuwa nimesimama palepale, kinywa ninacho. Nilijifanya nakohoa vumbi la mbao.

Usinishike mkono, mama. Ngoja nimalize kwanza, kisha uamue mwenyewe kama utaushika.

Kesho yake nilijikokota mpaka nyuma ya soko. Anachonga mipini ya majembe. Amezeeka kuliko mimi, na ni mdogo wangu. Alinisogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kukwangua mpini. Nikasema, "Mdogo wangu, ile alama niliiweka mimi." Hakuacha kukwangua.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu siku ileile. Mimi natumia mkono wa kushoto, alama zangu zinalalia huku. Ile ililalia kule. Nilikwenda kuitazama kabla hawajaniita, nikaujua mkono wako. Nikasema, kaka ameshikwa na woga, atasema mwenyewe wakimuuliza. Uliposema uliniona, nikasema, basi atasema kesho. Kesho yake nikasema kesho." Akaugeuza mpini. "Nimeingoja hiyo kesho miaka thelathini na moja. Mke aliondoka, aliambiwa kaolewa na mlevi wa usingizi. Mimi sijawahi kulala kazini hata siku moja."

Wanangu, nilitaka kupiga magoti, magoti yakakataa, nikabaki nimeinama kama mtu aliyedondosha kitu. Nikamwambia nitampa nyumba. Akacheka, kicheko kibaya. "Nyumba ya nini? Nina chumba." Nikamwambia basi nipige, nitukane. Akasema, "Kaka, mbona unaniambia mimi? Mimi nilikuwa najua. Katika watu wote wa dunia hii, umemchagua yule mmoja asiyehitaji kuambiwa. Kawaambie wanao. Ukishawaambia, tutaona kama nina neno la kukwambia."

Nilirudi, na badala ya kuwaita siku hiyohiyo nikaugua. Sijui kama niliugua kweli au niliugua kwa uoga. Wiki tatu mmekuwa mkiingia hapa na uji na dawa, na kila mkiingia nasema moyoni, kesho. Mnaona? Hata hiyo nimeichukua kutoka kwake.

Leo asubuhi nimeona vidole vyangu vimekuwa baridi, nikajua kesho zimekwisha.

Sasa sikilizeni ninayoyataka, nitayasema kwa kifupi, pumzi ni chache. Mkubwa, siku ya mazishi utasimama mbele ya watu kabla hawajaanza kunisifu, na utasema yote haya, bila kupunguza, na ile "nilimwona" uitamke kama nilivyoitamka. Usiseme baba alikosea. Sema baba alidanganya. Mwalimu, utakwenda kwa watoto wa Bwana Inchi, wako wawili, na utawaambia baba yao alimchukia nani bure. Wakikufukuza, rudi kesho yake. Hapana... usiseme kesho. Rudi jioni.

Mama, wewe. Kuna wageni keshokutwa, najua, ratiba yako naijua. Ukifika kwenye msumeno usikiruke kisa kile. Watasimama, watangoja wacheke. Waambie, "Aliyeweka alama ni msimamizi, na ni baba yangu." Wakikuuliza yule mkaguzi yuko wapi, wape njia mpaka nyuma ya soko. Najua nakupa mzigo. Najua. Ningeubeba ningekuwa na miguu.

Fungueni dirisha. Hapana, acheni. Nashukuru.

Hapa ndipo mzee huwabariki wanawe, na ninyi mmeinamisha vichwa, mnangoja. Ningependa. Nimewapenda, hilo halikuwa uongo. Lakini kinywa hiki... kinywa hiki ndicho kilichosema pale kwenye uchunguzi, na baraka ikitoka humo sijui itafika wapi. Muishi vizuri wanangu, msiogope watu kama nilivyoogopa mimi wageni watatu wanaopiga miayo. Hiyo ndiyo yangu, ni ndogo. Ile ya baba, ile nzima, nendeni mkamwombe baba yenu mdogo. Ninyi ni watoto wake, hana wengine. Nendeni wote watatu, leo, sasa hivi, kabla... Msiniangalie mimi, nitakuwepo, au sitakuwepo. Mkamsalimie. Mwambieni, "Kaka yako ameshatuambia."

Halafu mmoja wenu arudi mbio. Aniambie kama... kama amesema neno.

Nendeni.