Mshika Funguo wa Superga: Wasifu wa Marehemu Giacinto Vaudagna (1806–1884)

Marehemu Giacinto Vaudagna alizaliwa tarehe 14 Machi 1806 katika kijiji cha Baldissero, chini ya kilima cha Superga karibu na Torino, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Michele Vaudagna, mkata kuni, na marehemu Lucia. Wakati huo Piemonte yetu ilikuwa mikononi mwa Wafaransa, kwa hiyo kisheria marehemu alizaliwa Mfaransa. Hakulikubali jambo hilo hadi anaingia kaburini. Mtu aliyelitaja mezani kwake alinyang'anywa glasi ya divai, hata kama ndiye aliyeileta chupa.

Alisomeshwa na padri wa parokia, ambaye alimfundisha kusoma, kujumlisha, na kuwataja kwa mfululizo watawala wote wa ukoo wa Savoia tangu Umberto wa Mkono Mweupe. Mtoto alikuwa akikwama kwa akina Amedeo, ambao ni wengi na hawatofautiani sana. Siku moja ya Januari padri alimtoa nje kwenye theluji, akamwambia asirudi mpaka amewapanga. Aliwapanga. Tangu hapo hakuna ubatizo, harusi wala sufuria ya polenta, ugali wetu wa mahindi, katika familia hii iliyonusurika kuwasikia akina Amedeo wote. Watoto wa ukoo huu walijifunza kula haraka.

Mwaka 1828 alipanda Superga kumsaidia baba yake mdogo, Gaspare, aliyekuwa mlinzi wa makaburi ya wafalme yaliyo chini ya kanisa. Gaspare hakuwa na mtoto wa kiume. Alipofariki mwezi Mei 1831, funguo zikahamia kwa Giacinto, mtoto wa kaka, pamoja na nyumba ndogo ya mlinzi iliyo nyuma ya kanisa. Mwaka huohuo Mfalme Carlo Felice naye alifariki bila mtoto, na kiti kikaenda kwa Carlo Alberto, binamu wa mbali wa tawi la Carignano. Marehemu aliona mkono wa Mungu hapo. Tawi la juu likikauka, la pembeni linachukua nafasi, kwa wafalme kama kwa wafagiaji wao. Hata hivyo Carlo Felice alimuudhi, kwa sababu aliagiza azikwe ng'ambo ya milima, Savoia, badala ya Superga. Mwaka 1860, Savoia ilipokabidhiwa kwa Wafaransa kama malipo ya kutusaidia vitani, marehemu alikaa siku nzima bila kula. "Mfalme wetu sasa kazikwa nchi ya kigeni," alisema, "na hajasogea hata hatua moja!"

Kazi ya pale chini ina kanuni moja kubwa. Mfalme aliyefariki mwisho hulazwa katikati, mbele ya wenzake wote, na hukaa hapo mpaka mrithi wake afariki. Mrithi akifika, yule wa zamani husogezwa pembeni akapumzike na wazee wenzake. Oktoba 1849 marehemu alimpokea Carlo Alberto, aliyeshindwa na Waaustria kule Novara, akamwachia mwanawe Vittorio Emanuele kiti siku hiyohiyo, kisha akaenda kufia Ureno. Marehemu alimlaza katikati, akamwahidi kwamba mtoto atakuja kumpokea.

Katika miaka iliyofuata, huyo mtoto alikuwa akiiunganisha Italia. Kila asubuhi marehemu alishuka na kitambaa, akampangusa baba mtu vumbi huku akimpa habari. "Mwanao kachukua Milano," alimwambia. Baadaye, "Mwanao kachukua Toscana, tena kwa kura, wala hakuna aliyeumia." Baadaye tena, "Kachukua Napoli. Usiniulize ya nini." Wageni wa kutoka huko Napoli walipofika na kuuliza kwa nini mfalme wa kwanza wa Italia anaitwa Vittorio Emanuele wa Pili, marehemu aliwaonyesha kaburi la pembeni. "Wa Kwanza huyo hapo. Alikuwa wetu, si wenu. Mwamkieni."

Marehemu alifunga ndoa na Domenica Tarizzo, binti wa mfumaji wa Chieri, tarehe 8 Septemba 1834. Katikati ya karamu, mabwana wawili kutoka Vercelli walifika wakitaka kuona makaburi. Bwana harusi akaacha agnolotti, vile vifuko vya unga vyenye nyama, zikipoa, akawapeleka chini, akawapa akina Amedeo wote. Aliporudi, bibi harusi alikuwa amekula sahani zote mbili. Hilo ndilo deni pekee ambalo Domenica aliwahi kujilipa. Mungu aliwajalia Amedeo mwaka 1836 na Secondina mwaka 1839. Domenica alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Desemba 1869.

Amedeo ndiye aliyekusudiwa kurithi funguo. Lakini alikuwa karani wa wizara, na mji mkuu ulipohamishwa kutoka Torino kwenda Firenze, wizara ikahama na Amedeo. Ulipohamishwa tena kwenda Roma, Amedeo akahama tena, sasa akiwa na mke wa Kirumi na kitambi. Secondina, aliyefiwa na mumewe mapema, alirudi kwa baba yake. Magoti ya mzee yalipogoma ngazi mwaka 1872, ni yeye aliyeshika taa, akafagia, akaongoza wageni. Mzee alivaa funguo shingoni kwa kamba. Alimkabidhi binti yake kila asubuhi, na kila jioni alizidai kana kwamba alikuwa amemwazima.

Tarehe 9 Januari 1878 Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili alifariki huko Roma. Marehemu aliamuru abebwe kwa kiti mpaka chini. Aliwasimamia Secondina na fundi mmoja wa mawe wakiandaa nafasi ya pembeni kwa Carlo Alberto, akavaa koti lake la harusi, akaketi kungoja. Siku zilipita. Mwishowe msimamizi wa kanisa, Padri Clemente Bosio, alishuka.

"Giacinto, panda ule chakula."

"Nani atampokea akifika?"

"Hafiki. Wanamzika Roma."

"Roma?" alisema marehemu. "Roma ana nani? Baba yake yuko hapa!"

"Wanasema ni mfalme wa Italia yote sasa."

"Si tuliwapa mfalme watumie? Tuliwaambia wabaki naye?"

Marehemu alipandishwa juu, akavua koti, akamwita binti yake. "Nenda chini ukamwambie mzee wa watu."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Ukweli. Ila taratibu."

Secondina alishuka, akamwambia. Ndiyo maana Carlo Alberto yuko katikati mpaka leo.

Tangu hapo marehemu hakuwaza jambo lingine ila mrithi wake mwenyewe, na hapo ndipo alipoichosha familia hii hadi mifupa. Nyumba ya mlinzi inafuata funguo. Zikienda kwa mtu mwingine, Secondina angefungasha na kwenda kulala jikoni kwa kaka yake Roma. Kila mtu alilijua hilo. Krismasi ya 1879 Amedeo alikuja, na baba yake akamtaka arudi.

"Baba, mimi nina meza yangu wizarani," alisema Amedeo. "Nije hapa kukaa na maiti?"

"Wafalme si maiti!"

"Baba, wamekufa."

Secondina alikuwa jikoni, mwiko mkononi. "Na mimi je, Baba?"

"Wewe je nini?"

"Mimi si niko hapa?"

"Najua uko hapa. Polenta inaungua."

Padri Bosio alijaribu kwa upole, akisema ya nini kuzunguka wakati kazi inafanyika na anayeifanya anajulikana. Marehemu alimjibu kwamba hata Vittorio Emanuele wa Kwanza aliacha mabinti tu, na hakuna aliyefikiria kuwapa kiti. Alitafutwa mwanaume, hata wa mbali, hata asiyependwa.

"Giacinto," alisema Padri, "wale walikuwa wanarithishana ufalme. Wewe unarithisha ufagio."

"Ufagio wa nani, Padri? Wa nani?"

Basi alifuata nyayo za wafalme, akachimbua tawi la pembeni. Lilipatikana Carmagnola, nalo ni binamu Battistin Vaudagna, mkulima wa pilipili hoho, mtu mwema, aliyefika Aprili 1880 akiwa na kikapu cha pilipili na hofu kubwa ya wafu. Battistin hakuweza kushuka ngazi bila Secondina kutangulia na taa. Mgeni mmoja alipomuuliza kwa nini Carlo Alberto bado yuko katikati, alijibu, "Anangoja gari." Secondina alimfundisha kila kitu, jiwe kwa jiwe, bila kinyongo, akijua kwamba siku atakayofuzu ndiyo siku yeye atakayofungasha.

Battistin hakufuzu. Kabla mwezi haujaisha alikuja mbele ya marehemu, kofia mkononi.

"Kaka Giacinto, mimi naachia. Mpe dada Secondina. Mimi na wafu hatupatani."

"Unaachia?" alifoka marehemu. "Carlo Alberto alishindwa vita ndipo akaachia. Wewe umeshindwa na nini? Ngazi?"

"Ngazi, na wale walio mwisho wa ngazi."

"Sikubali. Hujaachia."

Battistin aliondoka siku hiyohiyo. Marehemu aliendelea kumhesabu kuwa mrithi aliye safarini, na kwa miaka mitatu na zaidi Secondina aliamka kila asubuhi bila kujua kama atazeekea nyumba ile au jikoni kwa watu. Alipika, akashuka, akapanda, akarudisha funguo jioni. Jirani alipomwambia azifiche tu siku moja, alicheka. "Nizifiche niende nazo wapi? Kazi yenyewe naifanya mimi."

Mwezi Novemba 1883 marehemu alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Alilishwa kwa kijiko na Secondina, akalalamika kila kijiko. Kelele za mafundi wa reli inayojengwa kupandisha watu kilimani zilimkera zaidi kuliko ugonjwa, naye alitamka kwa shida kwamba asiyeweza kupanda kwa miguu yake hana haja na wafalme, akisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajapanda wala kushuka kwa miaka. Hali ilipozidi, Amedeo aliitwa kwa telegramu, Battistin kwa mchuuzi aliyekuwa akipita. Tarehe 8 Februari wote walikuwa kando ya kitanda.

"Giacinto," alisema Padri Bosio, "funguo tumpe nani?"

"Amedeo," alisema marehemu.

Amedeo alilia kweli. "Baba yangu, nakupenda, lakini nina wizara."

Jicho la mzee likamtafuta Battistin, ambaye alikuwa amesogea nyuma ya mlango wa kabati. Halafu likarudi kwa Secondina, aliyekuwa amemwinua kichwa anywe mchuzi. Padri alifunga macho kuomba.

"Sema, Baba," alisema Secondina. "Ukisema hapana, nitajua pa kwenda."

Marehemu alimtazama kwa muda mrefu, machozi yakamtoka. "Huu mchuzi," alisema, "hauna chumvi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Familia imeyatafakari kwa siku tatu bila kupata chochote ndani yake. Padri Bosio aliuonja mchuzi mwenyewe, na anathibitisha kwamba chumvi ilikuwepo.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Februari 1884, wakati wageni kutoka Asti wakigonga mlango wa makaburi. Secondina alimfumba macho, akampangusa uso, akamfunga kidevu kwa leso. Kisha akaivua kamba ya funguo shingoni mwa baba yake na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Amedeo.

"Kuna wageni."

"Lakini Baba hajapoa!"

"Baba hapendi wageni wangoje."

Alikwenda, akawafungulia, akawaonyesha wafalme wote mpaka wa mwisho. Aliporudi, jioni hiyo hapakuwa na wa kumdai funguo, akazivaa yeye. Amedeo alimtazama Padri. Padri alimtazama Battistin, aliyeitikia kwa kichwa mara nyingi sana. "Basi," alisema Padri Bosio, na hivyo ndivyo urithi wa Superga ulivyoamuliwa, baada ya miaka sita ya kelele.

Limebaki jambo la kaburi. Marehemu aliagiza kwamba katika kaburi la familia hapa Baldissero nasi tufuate kanuni ya wafalme: yeye, akiwa wa mwisho kufika, alazwe katikati, na Domenica asogezwe pembeni. Leo asubuhi wachimbaji walikuwa wameshashika kamba. Secondina aliwazuia.

"Mama hasogei."

"Dada, ni agizo la Baba," alisema Amedeo.

"Mama alikaa pembeni miaka thelathini na mitano akiwa hai. Inatosha. Baba ataingia kushoto."

Amedeo alifungua mdomo, akaona ule mkono juu ya funguo, akaufunga. Wachimbaji walihamia kushoto.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Amedeo, wa wizarani Roma, na mkewe Ersilia. Wajukuu wawili wasiojua kuna akina Amedeo wangapi, na tunaomba waachwe hivyo. Binamu yake Battistin wa Carmagnola, ambaye ameleta pilipili kwa ajili ya chakula cha matanga. Na binti yake Secondina, mlinzi wa makaburi ya wafalme, ambaye anawaomba mwende mkale mapema kwa kuwa mchana ana wageni.

Apumzike kwa amani, upande wa kushoto.