Swali Tulilodai Halina Jibu

Mgeni rasmi, Naibu Mkuu wa Chuo, Mheshimiwa Lidia Arturovna; walimu wetu; nanyi wenzetu wa masomo ya mchana mliotuachia ukumbi:

KARIBU

Sisi wanafunzi kumi na wanne wa darasa la jioni, somo la mantiki ya kihisabati na nadharia ya algoriti, tunakukaribisha. Chai ipo, na mikate ya kabichi ameioka mwenzetu Raisa Gordeyeva, dereva wa tramu. Tungependa ule kwanza. Lakini saa tisa unaingia kikaoni kuamua kama mwalimu wetu Rostislav Ilyich aondolewe, na sasa ni saa saba na nusu. Tutasema upesi.

Anayesoma risala hii ni Yefim Savelich Sukhanov, fundi lifti, mwenye miaka arobaini na saba, aliyeacha shule darasa la nane. Tumempa yeye kwa sababu barua ya kumshtaki mwalimu iliandikwa kwa mkono wake. Kumi na mmoja kati yetu tulitia sahihi chini yake.

TULIKOTOKA

Darasa hili lilianza miaka mitatu iliyopita. Tunatoka kazini, tunaingia saa moja jioni na theluji kwenye viatu, na Rostislav Ilyich yupo ubaoni tayari. Mtihani wake ni wa mdomo, kama desturi yetu ilivyo: unachomoa karatasi ya swali mezani, unajiandaa, unaketi mbele yake, unajibu. Daftari zako unaruhusiwa kufungua. Hazisaidii.

Januari mwaka huu Yefim alichomoa karatasi iliyosema: tunga algoriti itakayotazama programu yoyote na kusema kama itafika mwisho au itazunguka milele, au onyesha kwa nini huwezi. Yefim akasoma nusu ya kwanza tu. Akajaza kurasa sita.

"Yefim Savelich, umeniletea mtabiri?" mwalimu aliuliza.

"Nimekuletea. Hakosei."

"Vizuri. Mimi nina programu yangu, ina ukorofi. Inamwuliza mtabiri wako: mimi nitasimama au nitazunguka? Akiiambia utasimama, inazunguka. Akiiambia utazunguka, inasimama palepale. Sasa mtabiri wako aiambie nini?"

Yefim alipekua daftari zake dakika ishirini. Jasho lilimtoka, na dirisha lilikuwa limeganda barafu.

"Mwalimu, unanitania."

"Sikutanii. Mbili. Njoo tena."

Mbili maana yake umeanguka. Siku ile tulianguka kumi na mmoja. Kwenye ngazi Raisa alimcheka: "Mzee, rudi kwenye lifti zako. Zile angalau husimama!" Lakini naye alikuwa na mbili yake mfukoni, na jioni ileile tuliketi kantini tukaandika kwamba mwalimu huyu anatahini watu wazima kwa maswali yasiyo na jibu, ili awadhalilishe. Tukaipeleka barua hiyo ofisini, ikagongwa muhuri.

TULICHOPATA

Mwalimu alisimamishwa. Akaja mwingine na mtihani wa kompyuta, wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Sote tulipata tano, alama ya juu kabisa. Tulifurahi siku moja, Mheshimiwa.

Wiki ya pili akaja mchuuzi kwenye kampuni anayofanyia kazi Yefim, anauza programu itakayokagua mitambo yote ya lifti za mji na kutambua, bila kukosea, programu yoyote itakayoganda. Mkurugenzi alikuwa ameshashika kalamu. Yefim akasikia mdomo wake ukiuliza:

"Na nikiipa programu inayoiuliza hiyo yako, kisha ikafanya kinyume?"

Mchuuzi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Yefim akageuza karatasi ya oda, akaandika mistari tisa, na alipofika wa mwisho akaona ameandika lile jibu. Swali lilikuwa na jibu siku zote. Jibu ni kwamba algoriti hiyo haipo na haitapatikana kamwe, na unaweza kulithibitisha. Kalamu ya mkurugenzi ikarudi mfukoni. Watu wanaopanda lifti za mji huu hawajui ni nani wa kumshukuru.

HOFU YETU

Yefim alikwenda nyumbani kwa mwalimu. Mlango ulifunguliwa nusu, mnyororo haukutolewa.

"Umekuja kwa barua au kwa uthibitisho?"

"Kwa vyote viwili, Rostislav Ilyich."

Mwalimu akapokea karatasi kupitia ule upenyo, akasoma amesimama na soksi zake. "Mstari wa nne umeruka hatua. Uandike upya." Kuhusu barua alisema, "Ile si jibu la swali langu, siwezi kuisahihisha." Akafunga.

Tukaenda ofisini kuifuta. Tukaambiwa barua iliyogongwa muhuri haifutwi, na kwamba anayekiri alishtaki kwa uongo anaweza kufukuzwa chuo. Tangu hapo hatulali vizuri. Wawili kati yetu wana watoto wanaojisifu shuleni kwamba baba yao anasoma. Raisa amebakiza muhula mmoja. Tumekaa tukabishana hadi tukatukanana, kisha tukatia sahihi risala hii, wote kumi na mmoja.

TUNACHOOMBA

Barua yetu isomwe kikaoni ilivyo, na kando yake isomwe hii. Hatukudanganya kwa makusudi. Tulishindwa kuelewa swali tukamshtaki aliyeuliza. Tano zetu zifutwe, maana hatukuzifanyia kazi. Mwalimu arudishwe, na mtihani wa mdomo urudi naye. Tunajua wengine tutaanguka tena. Tunaomba tuangushwe na yeye mwenyewe.

Na kama lazima mtu aondoke, jina la kwanza chini ya barua ni Sukhanov. Yefim ndiye aliyesisitiza tuseme hivyo, na amekataa mwingine asome sehemu hii.

Mungu akupe afya na akili iliyotulia, wewe na nyumba yako. Kwetu mtu anayekwenda kutahiniwa hutakiwa heri, naye hashukuru, kwa kuogopa mkosi. Saa tisa wewe ndiye unayeingia. Tunakutakia heri, Lidia Arturovna. Usitushukuru.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni, Mantiki na Nadharia ya Algoriti