Kiti cha Binti na Mapaja ya Bibi

Kwenye treni, mwanamume aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata kiti kidogo cha mbao chenye mikanda. Mama mmoja asiyemjua akamuuliza ni cha nani.

"Cha binti yangu, mama. Ana mtindio wa ubongo. Asipoegemezwa vizuri, mikono yake yote miwili inahangaika kumzuia asianguke. Akikaa humu, inakuwa huru. Nimetoka kukirefusha, maana anakua."

"Mtoto hafungwi kama mzigo, baba. Hana bibi wa kumpakata?"

"Anaye. Ndiye asiyekitaka."

"Ana haki. Mapaja ya bibi hayana misumari."

"Juzi, akiwa kitini, alimnyang'anya bibi yake kijiko akajilisha mwenyewe. Supu nusu ilimwagikia kifuani, nusu ikafika."

"Bibi akasemaje?"

"Alilia."

"Kwa furaha?"

Mwanamume akaichezea mikanda. "Hakusema."

Mama akaigusa mikanda ile kwa kidole. Kisha akasema kwa upole, "Basi jioni mrudishie mjukuu wake, hata kwa muda mfupi."

"Jioni ndipo anapokula, humu kitini."

Treni ikasimama. Mwanamume akashuka na kiti chake begani. Mama, ambaye kituo chake hakikuwa hicho, akamfuata hadi mlangoni: "Lakini baba, hebu nisikilize!"