Marehemu Baba Yetu na Behewa la Baiskeli

Kila asubuhi marehemu baba yetu alibana mguu wa kulia wa suruali kwa kibanio cha nguo, usije ukashikwa na mnyororo wa baiskeli. Aliubana siku ya harusi yake, na aliubana hata wodini.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya sita. Alianza shule mwaka 1956, akaishia kidato cha pili baba yake alipougua.

Mwaka 1967 aliajiriwa kupakia mizigo stesheni, akapanda hadi ukarani. Mwaka 1981 alimganda stesheni masta mpaka akapewa nusu ya behewa la mizigo iwe ya baiskeli. Siku ya kwanza zilipanda mbili, moja ikiwa yake. Hakuchoka kuwauliza abiria: treni itawafikisha mjini, sawa, lakini kutoka hapo watabebwa na nani? Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyeogopa kuendesha. Marehemu alimshikia kiti wiki nzima, akikimbia kando yake jukwaani, watu wakiwacheka wote wawili. Mwaka ulipoisha, baiskeli zilikuwa arobaini na tatu.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimuoa mama yetu, fundi cherehani. Mama ameomba jambo moja lisomwe kama lilivyokuwa. Tarehe 19 Mei 1984 aliitwa kwao, bibi yetu yuko taabani. Basi lilipita mlangoni petu na kufika kwao moja kwa moja. Marehemu alikataa asilipande.

“Mke wangu akionekana kwenye basi, mimi nitamshawishi nani?”

Akampakilia baiskeli behewani na kuifungia lebo kwa mkono wake. Mama aliposhuka, mtunza behewa alikataa kuitoa, kwa kuwa lebo ilitaja stesheni ya mwisho. Treni ikaondoka nayo. Mama alitembea kilomita kumi na tisa, akamkuta mama yake ameshafunikwa shuka. Bibi alikuwa amemuulizia tangu alfajiri.

Baiskeli ilirudi Jumatatu. Marehemu aliandika katika daftari la behewa: “Mwenyewe hakuichukua.” Nyumbani alisema msafiri ndiye hukagua lebo yake. Kwa miaka karibu arobaini mama alisubiri neno “nilikosea”.

Marehemu alianza kuugua figo Julai 2023. Mama alimpelekea chakula kila siku kwa miezi saba. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa tatu asubuhi. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Mungu ampokee na kumpumzisha.

Siku moja kabla, mama akiwa amekaa nje ya mlango wa wodi, nilimwomba baba nimwite aingie, amwambie lile neno moja tu. Alinyoosha shuka yake vizuri, kisha akaniambia:

“Mama yako angekaza mwendo siku ile, angemkuta hai.”