Ribiti Mpya Kwenye Kompresa ya Zamani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Baridi, na ambaye karatasi hii aliisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu akiwa kitandani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mwashi na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na mwaka 1970 akahitimu ufundi wa viyoyozi vya magari. Mwaka 1978 aliajiriwa na ofisi ya magari ya kale kuwa mkaguzi, kazi yake ikiwa kukagua kiyoyozi cha gari kuukuu na kusema kama vipuri vyake ndivyo lililotoka navyo kiwandani, shughuli ambayo mama yetu, fundi cherehani aliyefunga naye ndoa tarehe 5 Agosti 1979, aliiita umbeya wa vyuma. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno "asili" mezani bila ushahidi.

Tarehe 12 Juni 2009 lililetwa gari la mwaka 1967, marehemu akasoma kibati cha kompresa, ile pampu ya gesi ya ubaridi, akaona mwaka unalingana, akatia saini na mhuri kuwa ni yake ya asili. Mkaguzi mwenzake alimwambia, kaka, kibati ni cha zamani lakini ribiti zilizokishika ni mpya, mtu amekihamisha, naye akamjibu mbele ya wakubwa kwamba hafundishwi kazi na mdomo unaonuka maziwa. Tarehe 3 Julai mwenzake akafukuzwa, kwa kosa la kuutilia shaka mhuri.

Miaka kumi baadaye, marehemu akiwa amestaafu, gari lile lililetwa kwake likivuja gesi, akaifungua kompresa, na kwenye mwili wake, chini ya kishikio, akakuta mwaka uliopigwa kiwandani, 1974. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Aliandika barua kumi na moja akiomba saini yake ifutwe na mwenzake asafishwe jina, ofisi ikajibu mara moja tu, kwamba cheti hutenguliwa na mtaalamu wa ngazi ileile, na kwamba mtaalamu pekee wa ngazi hiyo ni marehemu, ambaye kwa bahati mbaya amestaafu. Alikwenda kwa mwenzake mara tatu, mlango ukafunguliwa na mkewe, akasema shemeji, hayupo, na viatu vya mumewe vipo kizingitini.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2022, na tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, alifariki akituuliza kama barua ya kumi na mbili, aliyoiandika akiwa kitandani, imejibiwa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliombeba kwa zamu hadi kwenye gari la hospitali, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Kwa agizo lake tunatamka mbele yenu kwamba mwenzake alikuwa sahihi, na yeye alikosea. Baba mdogo, wewe uliyefukuzwa kwa ajili ya saini yake, kiti cha mbele tumekuwekea tangu asubuhi, na hadi ninaposoma hapa kiko wazi.

Baba, ulichotutuma tumekisema. Kapumzike kwa amani.