Baldissera Ronchi na Nywele za Taddea

Kaka yangu Baldissera alizaliwa hapa Ferrara tarehe 3 Februari 1498, mtoto wa pili wa mzee Nicolò Ronchi, mshona viatu, na mama Bartolomea. Mimi ni Orsolina, kitinda mimba. Nimemuuguza miezi mitano, nimechoka, mnivumilie.

Alisomeshwa na padri wa parokia, kisha akapelekwa Bologna kusomea sheria. Alirudi na mashairi.

Kazi yake mnaijua. Mchoraji akimaliza sura ya mtu, mshairi huitwa aisifie kwa mishororo kumi na minne. Baldissera alisifia picha zaidi ya mia mbili, na nyingi hakuziona. Kila mwanamke alimpa nywele za dhahabu, kwa kuwa ndiyo desturi ya washairi.

Mwaka 1526 picha ya Taddea, binti mmoja wa hapa Ferrara, ilipelekwa Mantova kwa mchumba wake, pamoja na shairi la kaka. Nywele za Taddea zilikuwa nyeusi ti. Wakwe waliposoma dhahabu wakaona weusi, walidhani wamebadilishiwa binti, wakavunja uchumba. Taddea alikuja mlangoni kwetu, akavua ushungi.

“Haya, bwana mshairi, dhahabu iko wapi? Nipe nikauze!”

“Dada, sote ndivyo tunavyoandika.”

“Basi nyote vipofu. Umeniharibia, utanioa mwenyewe.”

Nilidhani utani. Walifunga ndoa tarehe 9 Septemba mwaka huohuo. Taddea aliomba zawadi moja tu: shairi linalomsema yeye, si mwingine. Aliahidiwa kesho, na kesho ikawa miaka thelathini na miwili. Iliniuma kumwona akingoja. Nilimwambia kaka, “Si umtazame tu uandike?”

Akajibu, “Nikimtazama naishiwa maneno.”

Novemba iliyopita homa ya mabwawa ilimwangusha, ikashuka mapafuni. Taddea alimlisha mchuzi wa samaki aina ya mkunga kwa kijiko. Wiki ya mwisho kaka aliomba kalamu, akahangaika siku tatu, kisha akampa mkewe karatasi. Nywele nyeusi, nyusi zilizokutana, kovu la kidevuni: alikuwa Taddea mwenyewe.

Taddea akavua ushungi, akainama karibu naye. “Zimeshakuwa nyeupe, mume wangu.”

Kaka alimkazia macho. “Tangu lini?”

Taddea alicheka mpaka akalia. Kaka hakuacha kumtazama hadi alipokata roho, asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1559.

Ameacha mjane Taddea, binti yao Camilla, wajukuu wawili, na mimi. Mungu amlaze pema, naye apumzike kwa amani.