Ugonjwa Usio na Homa

Nilikuwa nimeketi nyuma yao ndani ya basi. Mama mshonaji alimweleza seremala wa kiti jirani kwamba anampeleka mdogo wake hospitali kwa sababu ya kamari.

"Mama, hiyo ni tabia," alisema seremala. "Ugonjwa una homa. Mzidishie kazi, ataacha."

Safarini hapakosi daktari asiyesomea udaktari.

"Kazi anayo, mzee. Ameapa kuacha mara nne, na mara zote nne akarudia huku analia. Leo ndipo amekubali kutibiwa."

Mdogo mtu, aliyekuwa dirishani, aligeuka. "Mzee wangu, ningekuwa na homa ungenipa pole."

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Seremala aliinua msumeno wake, akawapisha.

"Bado nasema ni tabia," alisema. "Lakini wahi, mwanangu, foleni ya daktari huwa ndefu."